"Mrudisheni Nyumbani": Tiba Shufaa, Kifo na Msiba Wakati wa Mlipuko

Agosti 2021 shangazi yangu aliruhusiwa kutoka hospitali akarudi kwake Nkuhungu, hapa Dodoma. Saratani ya shingo ya kizazi ilikuwa imeshasambaa. Kwenye karatasi ya ruhusa kulikuwa na maneno mawili ambayo hakuna aliyeyajua pale nyumbani: tiba shufaa. Binamu yangu aliyasoma kwa sauti. Shangazi akauliza, "Ndiyo kusema wamenichoka?" Hakuna aliyemjibu. Upepo wa miezi ile ulikuwa unaingiza vumbi chini ya mlango, na sote tukajifanya tunatafuta tambara la kuziba.

Swali lake nimeendelea kulisikia kwa sura nyingine. Januari 2025, virusi vya Marburg vilipotangazwa Biharamulo, mkoani Kagera, mabishano ya wakati wa korona yalifufuka kwenye daladala na vijiweni vya huku kwetu. Mgonjwa akirudishwa nyumbani maana yake nini? Maiti inaoshwa au haioshwi? Msiba unakaliwa au haukaliwi? Wengi wanayachanganya mambo haya, na kuchanganya huko kunawaumiza watu walio hai na kuwanyima heshima waliokufa.

Tuanze na maneno yenyewe. Mlipuko ni ugonjwa unaozuka na kupata watu wengi kuliko kawaida mahali fulani. Ukivuka mipaka na kuenea nchi na mabara mengi, huitwa janga la dunia. Korona, ambayo Wizara ya Afya inaiita UVIKO-19, Shirika la Afya Duniani liliitangaza kuwa janga tarehe 11 Machi 2020, na mgonjwa wa kwanza nchini kwetu akatangazwa Machi 16, Arusha.

Tiba shufaa ni huduma ya kuondoa mateso kwa mtu mwenye ugonjwa unaotishia uhai wake, na kuishika mkono familia yake. Waislamu wanalijua neno shufaa kwa maana ya uombezi, mtu kusimama upande wa mwenzake. Ukiibeba maana hiyo huwezi kupotea. Daktari anayekuandikia tiba shufaa anasema kwamba kuanzia sasa tunasimama upande wako, ugonjwa upone au usipone. Tena huduma hii haingoji siku za mwisho. Mtu anaweza kuipata huku anaendelea na mionzi, na dawa za saratani, na dawa za moyo, au anasafishwa figo. Kadiri tiba ya kuponya inavyopungua nguvu, ndivyo hii inavyoongezeka.

Kwa hiyo jibu la swali la shangazi lilikuwa hapana. Ila mhudumu aliyetupa ile karatasi hakuifafanua hata kidogo, na siku mbili nzima mgonjwa wetu aliishi akiamini ametupwa. Hilo bado linaniuma. Ukipewa karatasi ya namna hiyo, usitoke mlangoni kabla hujauliza mambo manne: dawa ya maumivu ni ipi na inaisha lini, nani wa kumpigia simu usiku, dalili gani nitarajie, na nani atakuja kumwona nyumbani.

Mwanzilishi wa huduma hii kwa sura yake ya kisasa ni Cicely Saunders, muuguzi aliyesomea pia ustawi wa jamii na baadaye udaktari. Alifungua hospitali ya St Christopher's jijini London mwaka 1967. Alifundisha kwamba maumivu ya mtu anayekufa yana pande nne. Mwili unauma. Akili ina hofu. Kuna mambo ya watu na fedha: ada ya mtoto, deni la VICOBA, ugomvi na kaka uliolala miaka kumi. Halafu kuna roho, inayouliza "kwa nini mimi" na "nitasamehewa?" Ukitibu upande mmoja tu, mgonjwa ataendelea kulia na utadhani dawa haifanyi kazi.

Mfano ni shangazi yangu. Dawa ilituliza kiuno, lakini usiku halali. Muuguzi aliyekuja kumwona alikaa naye karibu saa nzima, ndipo ikajulikana kwamba anaogopa kuzikwa Dodoma mjini, mbali na mama yake aliyelala Mpwapwa. Wanawe walipomwahidi kumrudisha kwao, usiku ule alilala.

Sasa nije kwenye morfini, kwa kuwa ndiyo yenye maneno mengi mtaani. Morfini ya maji huja kwenye chupa ndogo ya plastiki, na hupimwa kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Ni chungu mdomoni. Ni dawa inayodhibitiwa kwa sheria, inatolewa kwa cheti cha daktari, na hutaipata kwenye duka la dawa la mtaani. Jirani yetu alipoiona mezani alishtuka, akasema hiyo ni dawa ya mateja.

Mtu anayeipata kwa maumivu makali, kwa kipimo kilichopangwa na mtaalamu na kupandishwa taratibu, kwa kawaida hageuki teja. Teja anaitafuta dawa akimbie maisha, mgonjwa wa saratani anapewa ili ayarudie. Wengine husema morfini ni sindano ya kumalizia. Ikitumika kwa kipimo chake haiharakishi kifo. Linalowachanganya watu ni kwamba mara nyingi hutolewa ugonjwa ukiwa umefika mbali, mgonjwa akafariki wiki hizohizo, lawama ikaangukia chupa. Madhara yake yapo: usingizi na kichefuchefu siku za mwanzo, na kufunga choo muda wote inapotumika, ndiyo maana huandikwa pamoja na dawa ya kulainisha choo. Usikubali kuondoka na moja bila nyingine.

Jambo linaloharibu tiba hii majumbani ni kuitoa pale tu mgonjwa anapolia. Sisi wa Dodoma tunajua mgao wa maji. Mwenye akili hajazi tenki siku limekauka, hulijaza bado kuna maji nusu. Morfini ya maji hudumu mwilini kama saa nne, kwa hiyo hutolewa kwa saa, maumivu yawepo yasiwepo. Binamu aliweka kengele kwenye simu. Siku ya tatu shangazi aliomba ugali wa uwele na mlenda, akala matonge manne mbele yetu. Nilikuwa sijamwona akiomba chakula tangu Mei.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 56.8 wanahitaji tiba shufaa kila mwaka, na wanaoipata ni kama asilimia 14 tu. Wengi wa wanaokosa wako kwenye nchi kama yetu. Majirani zetu Uganda walionyesha njia: daktari Anne Merriman alianzisha huduma hiyo Kampala mwaka 1993, na mwaka 2004 sheria ikaruhusu wauguzi waliosomea tiba shufaa kuandika morfini wenyewe. Kwa nchi ambayo vijijini muuguzi hupatikana kwa urahisi kuliko daktari, hatua hiyo ina uzito mkubwa. Natamani tungeijadili hapa kwa nguvu ileile tunayojadili magari ya wagonjwa.

Mlipuko unabadilisha nini? Hospitali zinajaa, mgonjwa wa saratani au wa figo anaogopa kwenda kliniki, wageni wanazuiwa wodini, na mtu anaweza kufa bila kushikwa mkono na ndugu. Tiba shufaa inahitajika zaidi wakati uleule ambapo ni ngumu zaidi kuitoa.

Swali la kwanza la kuuliza, kabla hujamkimbilia au kumkimbia mgonjwa, ni hili: ugonjwa huu unaenezwaje? Kanda ya kati tulifundishwa somo hilo mwaka 2016. Watu wa Dodoma na Manyara, wakiwamo wa Chemba na Kondoa, waliugua macho ya manjano, matumbo yakavimba, wakatapika, na takriban 20 wakafariki. Uliitwa ugonjwa wa ajabu. Hatimaye ikajulikana ni sumukuvu kwenye mahindi yaliyoharibika. Ugonjwa ule haukuwa wa kuambukizana. Mtu angemkumbatia mgonjwa, angemwogesha, angemlilia kifuani, asipate chochote. Hatari ilikuwa kwenye ghala.

Korona ni tofauti. Inatoka kwenye pumzi na mate ya mtu aliye hai. Anayemtunza nyumbani avae barakoa, mgonjwa naye avae akiweza, madirisha yawe wazi, mikono inawe, na mtunzaji awe mmoja au wawili wasio wazee na wasio na kisukari au pumu. Anayebanwa pumzi muinue kwa mito akae, mfungulie dirisha, usiwajaze watu chumbani, na mtafutie hospitali haraka. Kama wataalamu wameshasema hatapona, kiasi kidogo cha morfini hupunguza pia ile hisia ya kukosa hewa, jambo ambalo familia nyingi hazikuwahi kuambiwa.

Marburg ni kitu kingine kabisa. Inaenea kwa damu, matapishi, jasho na majimaji mengine ya mgonjwa, na huyu hatunzwi nyumbani. Piga 199, namba ya bure ya Wizara ya Afya, atachukuliwa na waliovaa mavazi ya kinga. Kumpeleka kituo cha kutengwa si kumtelekeza. Kule anawekewa maji, anatulizwa maumivu na homa, na huduma hiyo humwongezea nafasi ya kupona.

Kumtenga mgonjwa ni kumtenga na mikono yetu. Sauti zetu zinaweza kumfikia. Familia ichague msemaji mmoja, apewe namba ya wodi na saa ya kupiga, badala ya watu kumi kumsumbua muuguzi mmoja. Ombeni simu iwekwe sikioni mwa mgonjwa. Rekodini sauti za wajukuu. Shehe anaweza kumsomea, padri au mchungaji akasali naye kwa njia hiyohiyo. Hata akionekana hasikii, wauguzi wengi huwashauri ndugu waendelee kuzungumza naye, nami naunga mkono kwa moyo wangu wote.

Dalili za siku za mwisho nazo zinatisha asiyezijua. Mgonjwa hulala muda mrefu, hukataa chakula, miguu hupoa, pumzi hukatika na kurudi. Wakati mwingine hutoa mkoromo wa mate yaliyokwama kooni, unaowaumiza wanaousikia kuliko yeye mwenyewe, mgeuze ubavu. Usimlazimishe uji, utampalia. Lowesha midomo kwa pamba yenye maji, mpake mafuta, mgeuze kila baada ya saa mbili asipate vidonda vya mgongo. Mwili unaofunga kazi hauhitaji chakula kama wa jana.

Kisha kuna uchuro. Kwetu, ukimuuliza mgonjwa atapenda azikwe wapi, unaambiwa unamtabiria kifo. Nimeshaona gharama ya ukimya huo: mjane asiyejua shamba la Bahi lina hati au halina, watoto wanaogombania wapi pa kumzika baba wakati gari la maiti linasubiri barabarani. Mlipuko huondoa muda wa kuahirisha, maana mtu anaingia wodini Jumatatu na Ijumaa hawezi kusema tena. Si lazima uanze na kaburi. Anza na, "Mama, kuna jambo gani ungependa tulijue?" Shangazi alipoulizwa hivyo alitaja cherehani yake na nani aipewe. Akataja Mpwapwa. Halafu akamwita kaka yake aliyekuwa hasemi naye, na hayo waliyoongea sisi hatukuyasikia.

Kuhusu maiti, ambako ubishi ni mkubwa, jibu linafuata ugonjwa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 ulieleza kwamba hakukuwa na ushahidi wa watu kuambukizwa korona kwa kukaa karibu na maiti. Familia zingeweza kumuaga marehemu wao, bila kumgusa wala kumbusu, na waoshaji wakavaa kinga. Hatari kubwa ya msiba wa korona ilikuwa waombolezaji wenyewe: watu sitini chini ya turubai moja, mkesha wa kuimba usiku kucha, bilauri moja ya maji inayozunguka. Tulimwogopa marehemu, tukaketi begani kwa bega na jirani anayekohoa.

Maiti ya Marburg au Ebola, kinyume chake, ina virusi vingi hasa, na kuiosha kwa mikono mitupu ni miongoni mwa njia ambazo magonjwa hayo huenea. Hapo timu iliyofunzwa ndiyo huzika, na familia ina haki ya kushirikishwa: kuchagua nguo au sanda ya kuweka, kuona kaburi, kusimama kwa umbali, kusoma dua au sala. Hayo ndiyo mazishi salama yenye heshima, na maneno hayo mawili yanakwenda pamoja. Kuzika usiku kwa siri, bila ndugu kujua kaburi liko wapi, hakuna usalama kunakoongeza. Kunazaa uvumi, na uvumi huwafanya watu wafiche wagonjwa wao.

Dini zetu zina nafasi zaidi ya tunavyodhani. Kwa Waislamu, maji yasipoweza kutumika kuna tayamamu, yaani kutumia udongo safi badala ya maji. Sala ya jeneza ni faradhi ya kutosheleza, wachache wakiisali imewatosha wote. Sala ya ghaibu, ya kumsalia maiti asiyekuwapo mbele yenu, inaruhusiwa katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi nchini. Tena Mtume amefundisha kwamba anayekufa kwa tauni ni shahidi, basi kuinyooshea kidole familia ya aliyekufa kwa mlipuko kunakosa msingi. Wakristo nao wanaweza kuzika wachache, kisha wakafanya ibada ya kumbukumbu na kwaya yote hali ikitulia.

Dodoma ina jambo lake jingine. Tangu Serikali ihamie huku, mji umejaa watu ambao kwao ni Bukoba, Moshi, Mbeya, Mtwara. Msiba wa hapa mara nyingi ni kuaga tu, kisha gari linaondoka. Mlipuko ukizuia safari, wafanyakazi wenzake na majirani wanabaki na mtu aliyetoweka Jumatano, kiti chake ofisini kikiwa bado kina koti. Hawakuona kaburi, na moyo husumbuka kuamini kile ambacho macho hayakuona.

Majonzi hayaendi kwa ngazi. Ile orodha maarufu ya hatua tano, kukana, hasira, kubembeleza, huzuni na kukubali, ilitoka kwa daktari wa magonjwa ya akili Elisabeth Kübler-Ross mwaka 1969, naye alikuwa anaeleza habari za watu wanaokabili kifo chao wenyewe, hakuwa anawapangia ratiba wafiwa. Watafiti wa majonzi Margaret Stroebe na Henk Schut, katika mwaka 1999, walieleza jambo ninaloliona kwa macho yangu kila siku: mfiwa huenda na kurudi. Asubuhi analia juu ya shati, mchana anapanga bei ya nyanya soko la Majengo na kucheka, jioni analia tena. Yote mawili ni kuomboleza. Tazama makorongo yetu ya mchanga. Kiangazi yanaonekana makavu kabisa, lakini chimba kidogo unakuta maji, na mvua ya mbali ikinyesha hushuka mafuriko hujaona hata wingu. Mtu akimwambia mjane "ulishazoea" kwa sababu juu pamekauka, hajachimba.

Watoto tunawaficha kwa kuwaambia baba amesafiri, au amelala. Mtoto huyo ataogopa kulala, au atakaa getini akingoja basi. Mwambie kwa neno lake: amekufa, mwili wake umeacha kufanya kazi, hatarudi, na wewe hukusababisha. Atauliza tena kesho. Mjibu tena.

Kwa wachache majonzi hugoma kulegea. Shirika la Afya Duniani linayatambua majonzi ya kupitiliza pale huzuni kali inapozidi miezi sita, ikavuka kiasi cha mila za watu wake, na kumzuia mtu kufanya kazi, kula, kulea. Huyo anahitaji mtaalamu. Neno Mirembe limegeuzwa tusi mjini kwetu, na tusi hilo linawazuia watu kuingia kwenye hospitali ya taifa ya afya ya akili iliyo hatua chache kutoka kwao. Anayesema anataka kumfuata marehemu asiachwe peke yake, apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Vikundi vyetu vya kufa na kuzikana ndivyo vyenye uwezo hapa, kuliko mradi wowote wa kutoka nje. Vina daftari, vina mweka hazina, vinajua nani anaishi mlango upi. Tatizo ni kwamba kazi yao huisha viti vinaporudishwa. Cha mtaa wetu, baada ya korona, kiliongeza safu kwenye daftari lake pembeni ya rambirambi: nani ataenda kumwona mfiwa siku ya arobaini, mwezi wa tatu, na mwezi wa sita. Wanakwenda wawili wawili, na hawaendi na hotuba.

Nilikwenda nao mwezi wa sita kwa mama mmoja ambaye mumewe alifia wodi ya kutengwa. Hakumwona tena tangu gari la wagonjwa lilipofunga mlango. Tulikaa, akatupa chai, tukaongelea zabibu na bei ya gesi. Tulipotaka kuaga akasema kuna kitanda, tangu siku ile analala sebuleni na watoto. Tukaingia. Shuka lilikuwa lilelile, mto bado una alama ya kichwa. Alisimama mlangoni kwa muda mrefu, kisha akaja akashika pembe moja ya godoro, nasi tukashika nyingine, tukalitoa juani.